Safu Niliyoificha

Kwenye karakana yetu, njia ya kwenda Pongwe, kuna duara la chuma lenye upana wa sentimita 90 na unene wa milimita 40. Siku hizi si duara tena. Limemegwa pembeni kama mkate wa kumimina uliopitiwa na watoto. Mgeni akiuliza ni la nini, mafundi hunitazama mimi kwanza, halafu hucheka. Lile duara nililiagiza mimi, kwa hesabu zangu mwenyewe, na lilipofika Tanga lilikuwa limepungua milimita 10 ambazo hakuna fundi awezaye kuziongeza.

Kazi ilikuwa hivi. Mteja wetu ana kipozeo cha maji ya bahari. Maji yanapita ndani ya mirija, kimiminika cha moto kinazunguka nje yake ndani ya ganda. Mirija ya zamani ilikuwa ya shaba na nikeli, na mchanga ulikuwa umeila pale maji yanapoingilia hadi ikawa nyembamba kama ganda la yai. Mteja akaamua kifungu chote kibadilishwe: mirija, bamba linaloishikilia na boneti ya mbele, vyote viwe vya supa dupleksi, ile inayoandikwa S32750 (boneti ni kifuniko ambamo maji huingilia). Hiyo ni stenlesi yenye takriban asilimia 25 ya kromiamu, 7 ya nikeli, 4 ya molibdenamu na chembe ya nitrojeni. Ndani yake kuna chembe za aina mbili, nusu feraiti, nusu osteniti, ndiyo maana ikaitwa dupleksi. Mji wa baiskeli kama huu wetu hauhitaji kufundishwa chumvi inavyofanya kazi. Anayeishi Raskazone hubadilisha mnyororo na bawaba za mlango kabla mwenzake wa Muheza hajaanza kuzifikiria.

Kiungo kilichoniumbua ni bamba la mirija. Ukiliona utasema ni chekeche, ila chekeche nene: limetobolewa mashimo mamia, na kila shimo linashika ncha ya mrija. Upande mmoja lina maji ya bahari, upande wa pili kimiminika cha moto, nalo limesimama katikati likizuia viwili hivyo visikutane. Likiwa jembamba kupita kiasi, linapinda. Shinikizo la usanifu upande wa bahari lilikuwa megapaskali 1.6, na joto la usanifu nyuzi 120 za Selsiasi, kwa sababu ya ule upande wa moto. Hivyo nilipewa. Kilichobaki ni mimi kutafuta mkazo unaoruhusiwa, niuingize kwenye fomula, nipate unene.

Kwa asiye wa fani niseme hivi. Ukivuta kipande cha chuma, mwanzoni kinanyumbuka na ukikiachia kinarudi. Ukizidi kuvuta, kinafika mahali hakirudi tena, kimelegea. Ukiendelea, mwisho kinakatika. Kwa hiyo kila chuma kina namba mbili, ya kulegea na ya kukatika. Wanaoandika kanuni za mitungi ya shinikizo huzichukua namba hizo, huzigawa kwa kiasi cha tahadhari, na kinachobaki ndicho mkazo unaoruhusiwa. Sisi karakana tunauita alawabo, kwa haraka, kama unavyomwita mtu kwa jina la utani mpaka ukasahau jina lake halisi.

Na mimi jina halisi nilikuwa nimelisahau.

Kwa zaidi ya miaka kumi nimekuwa nikisanifu vitu vya stenlesi ya kawaida, ile ya 316L: matangi, mabomba, vipozeo vidogo. Nilijitengenezea jedwali la Eksel. Unaingiza nguvu ya kulegea, linazidisha kwa theluthi mbili, linakupa jibu. Kwa 316L, nguvu ya kulegea ni megapaskali 172, theluthi mbili yake ni 115, na ukifungua jedwali la ASME, zile kanuni za Kimarekani za mitungi ya shinikizo, kwa joto la kawaida unaikuta 115 imekaa pale pale. Limelingana mwaka wa kwanza, la pili, la tano. Safu ya nguvu ya kukatika ilikuwepo pia kwenye Eksel yangu, lakini haikuwahi kutoa jibu dogo kuliko lile la kulegea. Siku moja nikaona inajaza skrini bure, nikaificha.

Basi ilipokuja supa dupleksi nikaingiza 550, ambayo ni nguvu yake ya kulegea. Eksel ikanipa 367. Nikafurahi, nakumbuka. Nilijisemea, hiki kweli chuma, mara tatu ya kile cha zamani. Kitabu cha ASME kilikuwa kabatini kwa bosi, hatua ishirini kutoka mezani kwangu. Sikwenda.

Nikaingiza 367 kwenye fomula ya TEMA, kitabu cha watengenezaji wa vipozeo vya mirija, ya bamba la mirija iliyopindwa kama herufi U, ile tunayoitumia kukadiria kabla ya hesabu ndefu. Kwa kipenyo cha gasketi cha milimita 800 na mashimo yaliyopangwa kwa pembetatu, umbali kati yake ukiwa mara 1.25 ya kipenyo cha mrija, nikapata unene wa milimita 34. Ukiongeza mfereji wa milimita 5 unaochongwa usoni kwa ajili ya kizuizi cha njia za maji, ni 39. Nikaandika oda ya 40. Supa dupleksi haipatikani madukani hapa, na hata Dar es Salaam ni kwa bahati. Tuliitafuta nje ya nchi, na bosi akalipa nusu ya pesa mapema.

Wiki tatu baadaye tukapokea binti wa mafunzo kwa vitendo kutoka chuo. Mtulivu, ana daftari la kurasa mia mbili ambalo hakuwa analiacha hata akienda kunywa chai. Nilimpa zile hesabu ajifunze namna ya kupanga kazi. Kusema kweli nilimpa ili anyamaze, kwa sababu maswali yake yalikuwa mengi.

Kesho yake asubuhi akasimama pembeni ya meza yangu.

"Shikamoo, Injinia."

"Marahaba. Umemaliza?"

"Bado. Samahani, hii 367 imetoka wapi?"

"Theluthi mbili ya 550."

"Nimeona. Na 3.5?"

"3.5 ipi?"

Akafungua daftari. Alikuwa ameenda kwa bosi, ameomba kitabu, amekaa nacho jioni nzima, na amenakili kile kiambatisho cha nyuma kinachoeleza namba za jedwali zinavyopatikana. Kwa chuma cha aina hii kwenye mgawanyo wa kwanza wa kanuni ya ASME ya mitungi, ndio tuliokuwa tukiutumia, kanuni hailazimishi kigezo kimoja. Inakutaka uvipime vyote, kisha uchukue kilicho kidogo: nguvu ya kukatika gawanya kwa 3.5, nguvu ya kulegea zidisha kwa theluthi mbili, na vile vile kwa nguvu za chuma hicho kikiwa na moto wa kazi. Akanigeuzia ukurasa. Nguvu ya kukatika ya S32750 ni megapaskali 800. Gawanya kwa 3.5, ni 228.

Nilinyamaza kidogo. Kisha nikafanya jambo ambalo nalionea aibu hadi leo: nikamwambia ngoja nitalitazama, akaendelee na mchoro wa ganda. Alipoondoka nikaifichua ile safu. Ilikuwa imekaa humo muda wote, imeandika 228 kwa rangi ya kijivu.

Siku ile ndipo nilipoelewa jambo ambalo hesabu zangu za 316L hazikuwahi kunionyesha. Stenlesi ya kawaida hulegea mapema sana kabla ya kukatika: 172 kwa 483. Pengo ni kubwa, kwa hiyo kulegea ndiko kunakoamua kila mara. Supa dupleksi huvumilia sana kabla ya kulegea, hadi 550, kisha hukatika kwenye 800. Pengo limebanwa, na anayeamua amebadilika. Mtu akikuambia chuma hiki kina nguvu ya kulegea zaidi ya mara tatu ya kile cha zamani, ni kweli, lakini chini ya kanuni hii unaruhusiwa kukitumia kwa mara mbili tu.

Ukija kwenye joto, kinapungua zaidi kidogo. Jedwali la Kimarekani linahesabu kwa nyuzi za Farenhaiti: kwa nyuzi 200 ni kipaundi-elfu 33.0 kwa inchi mraba, kwa 300 ni 31.2. Nyuzi 120 zetu za Selsiasi zinaangukia katikati, takriban megapaskali 221. Nikarudia fomula: karibu milimita 44. Na mfereji, 49. Bamba linalotakiwa ni 50.

Nikapiga simu kwa wauzaji. Walikuwa wameshakata.

Kwenda kumwambia bosi nilipita njia ndefu. Nilizunguka nyuma ya karakana, nikanunua machungwa mawili ya Muheza kwa mama wa getini, nikayamenya yote. Bosi wetu ni mtu wa Chumbageni, hapigi kelele. Akanisikiliza. Akauliza, "Kilo ngapi?" Nikamwambia tofauti ni kama kilo 50, lakini tatizo si hizo 50, ni kwamba zile 200 zilizokatwa hazifai. Akatikisa kichwa, akavuta kalkuleta, akaandika kitu kwenye karatasi ambacho hakunionyesha. Halafu akasema, "Nani ameliona?" Nikasema ni yule binti. "Kumbe hali ugali wa bure," akasema. Huo ndio ulikuwa utani wake wa siku hiyo.

Baada ya siku mbili bosi alirudi na wazo. Cheti cha kiwanda cha lile bamba kilikuwa kimetumwa kwa barua pepe, na kilionyesha namba nzuri: lilipimwa likakatika kwenye 846, si 800. "Injinia, si tutumie hii? Ndiyo chuma chenyewe hiki." Swali la haki kabisa, na wengi wanaangukia hapo. Lakini namba ya cheti haiingii kwenye mkazo unaoruhusiwa. Cheti kinathibitisha kwamba bamba limefikia kiwango cha chini, hakikuongezei haki. Kipande kilichopimwa kilitoka kona moja ya bamba, na kanuni imejengwa juu ya kile ambacho kila bamba la jina hilo limeahidi. Na hata ungeitumia, 846 gawanya kwa 3.5 ni 242. Milimita 40 haikubali.

Wazo lake la pili lilikuwa na ncha kali zaidi. Mshauri mmoja alimwambia kwamba kwa kanuni za Ulaya chuma hicho hicho kinaruhusiwa mkazo wa 304. Ni kweli. Na hapa inabidi nitulie kidogo, kwa sababu ndipo nilipojifunza zaidi ya mahali pengine popote.

Chuma hiki kimoja, katika joto la kawaida, kina namba nyingi kutegemea umefungua kitabu gani. Mgawanyo wa kwanza wa ASME, hivi leo: 228. Mgawanyo huo huo kabla ya mwaka 1999, walipokuwa wakigawa kwa 4 badala ya 3.5: 200. Mgawanyo wa pili, daraja la pili, ambao hugawa kwa 2.4: kama 333. Kanuni ya Ulaya, EN 13445, nayo hugawa kwa 2.4, lakini chuma chao wanakiita 1.4410, na kwa bamba wanaahidi nguvu ya kukatika ya 730 tu, kwa hiyo 304. Kinachotofautiana ni mambo ambayo kila kitabu kimekudai kabla ya kukupa namba. Anayegawa kwa 2.4 anakutaka ufanye uchambuzi mrefu zaidi na ukaguzi mkali zaidi wa viungo vilivyochomelewa. Anayegawa kwa 3.5 amekuhurumia hesabu, akajilipa kwa unene. Ukichukua namba ya Ulaya ukaitia kwenye fomula ya Marekani, umepanda daladala mbili na nauli umelipa moja.

Kuna mtego mwingine mdogo humo, nilioukwepa kwa bahati tu. Wauzaji huandika S32750 na 1.4410 kana kwamba ni pacha, na mara nyingi bamba moja huja na majina yote mawili kwenye cheti. Likija na jina la Ulaya peke yake, ahadi yake ni 730. Gawanya kwa 3.5 unapata 208, na ile 228 huna haki nayo.

Na mwingine tena, wa mirija. Ile isiyo na mshono ina namba yake. Ile iliyokunjwa ikachomelewa imepunguzwa kwa asilimia 15 ndani ya jedwali lenyewe, kwa hiyo 228 inakuwa 194. Tuliletewa bei nzuri ya mirija yenye mshono, na mtu asiyesoma mstari sahihi angeipitisha kwa namba ya isiyo na mshono. Kwa mirija yetu myembamba tofauti hiyo haikubadilisha kitu, lakini niliiandika.

Tukaagiza bamba la 50. Mteja akakubali kusubiri, kwa manung'uniko.

Lile la 40 likabaki. Bosi alitaka kuliuza. Mzee wetu wa kuchomelea ndiye aliyelitetea. Huyu mzee ni Mdigo, amechomelea meli, matangi na reli za watu kabla sijazaliwa, na huwa haongei mpaka kahawa iwe imeisha. Akasema, "Mwanangu, hilo nipe mimi. Hiki chuma sijawahi kukigusa. Nikosee kwenye kosa lako kuliko kukosea kwenye bamba la mteja." Tukalikata vipande, akaanza majaribio ya kuchomelea, tuvipeleke maabara kabla ya kazi yenyewe.

Hapo ndipo nikakosa mara ya pili.

Supa dupleksi haitaki kupashwa moto kabla ya kuchomelewa, na kati ya mstari mmoja na mwingine haitaki kuzidi nyuzi 100. Waya tuliotumia ni wa 2594, ulioongezewa nikeli, na gesi ni argoni yenye asilimia mbili ya nitrojeni ili nitrojeni iliyomo kwenye chuma isikimbie. Hayo yote niliyaandika vizuri kwenye karatasi. Nilichosahau ni kwamba ilikuwa Februari, Tanga, chini ya bati. Kipande kilicholazwa karibu na mlango kilikuwa cha moto kabla mzee hajawasha kitu. Baada ya kila mstari alitakiwa asubiri, asubiri, asubiri. Mimi nilikuwa na tarehe ya kupeleka vipande maabara, na nilisimama nyuma yake nikitazama saa. Alinitazama mara mbili. Mara ya tatu akaendelea kuchomelea.

Majibu yakarudi. Kipande cha kwanza, jaribio la kuvuta: kimekatika juu ya 800. Nikashangilia. Nikageuza ukurasa. Jaribio la kugonga kwenye baridi: kimevunjika kama kigae. Jaribio la kulaza kwenye feri kloraidi, dawa inayotafuna chuma, kwa saa 24 kwenye nyuzi 40: vishimo, na uzito uliopotea unazidi ile gramu 4 kwa mita ya mraba tuliyokubaliana na mteja. Chini ya darubini, kwenye ukanda ulioungua pembeni ya mshono, vidoa vyeusi.

Nilikaa na ile karatasi muda mrefu. Nguvu ya kuvuta, ndiyo ile inayozaa 228, haikuona lolote. Chuma kilikuwa kimeugua, na namba yake ya afya ilikuwa nzuri. Kikikaa kwenye moto wa kati ya nyuzi 600 na 1,000, hasa karibu na 850 hadi 900, kromiamu na molibdenamu hukusanyika na kutengeneza kitu kigumu na cha kuvunjika kiitwacho sigma, na pembeni yake chuma hubaki maskini wa kromiamu. Ukivuta polepole, bado kinavutika. Ukigonga, au ukikitia kwenye chumvi, ndipo kinasema ukweli. Kuna ugonjwa mwingine wa chini zaidi, unaoitwa wa nyuzi 475: kwenye nyuzi hizo huja kwa saa chache tu, lakini karibu na 300 huja taratibu kwa miezi na miaka. Ndiyo sababu jedwali la ASME la chuma hiki linakoma kwenye nyuzi 316, na Ulaya wanakoma kwenye 250. Siku zote nilidhani mwisho wa jedwali ni mahali ambapo chuma kimechoka kubeba mzigo. Kumbe nguvu bado ipo kwenye nyuzi 316. Ukiitazama ile namba ya mwisho, haijashuka sana. Wamekoma kwa sababu zaidi ya hapo chuma kinaanza kuwa chuma kingine.

Nilipomwonyesha mzee, hakusoma zile karatasi. Aliuliza tu, "Kimekataa?" Nikasema kimekataa. Akasema, "Nilikuona unatazama saa."

Vipande vya pili tulichomelea alfajiri. Mzee alikuja baada ya swala, karakana ikiwa bado ina ubaridi wa umande, na binti wa mafunzo ndiye alikuwa mwenye kipimajoto. Tulimpa mamlaka ya kusema "bado". Alilitumia neno hilo kwa raha sana. Mstari mmoja, dakika ishirini za kungoja, mstari mwingine. Mzee akawa anakunywa kahawa katikati na kumhadithia habari za reli ya kwenda Moshi. Kipande hicho kilipita yote, na feraiti ikasoma 48 kwa mia.

Bamba la 50 lilipofika tulikwenda kulipokea kama mwali. Hesabu ndefu za sehemu ya UHX, ile ya ASME inayohusu mabamba ya mirija, zilikuwa zimeshafanywa, na safari hii binti ndiye aliyezifanya, mimi nikazikagua. Kwa bamba la mirija ya U kanuni inaruhusu mkazo wa kupinda ufike hadi mara mbili ya ile namba ya jedwali, kwa hiyo nilipata nafasi ya kukosea tena: mbili mara 221, si mbili mara 228. Nilimwuliza kwa makusudi kwa nini. Akajibu bila kuinua kichwa, "Kwa sababu kazini halitakuwa kwenye joto la kawaida, Injinia."

Mkaguzi alikuja kutoka Dar kwa basi la asubuhi, akaondoka na la jioni. Waja leo waondoka leo. Siku hiyo tulijaza maji upande wa boneti, maji matamu bila chumvi, na kupandisha shinikizo. Hata hapo ile namba ilituwekea mkono: shinikizo la jaribio ni mara 1.3 ya lile la usanifu, kisha unazidisha kwa mkazo wa joto la jaribio gawanya kwa mkazo wa joto la kazi, yaani 228 kwa 221. Ilikuja karibu megapaskali 2.15. Tuliposimama tukitazama geji, mkaguzi aliuliza kwa nini bamba lina milimita 50 wakati mchoro wa kwanza aliotumiwa ulisema 40. Watu wote wakanitazama. Nikamwonyesha lile duara lililomegwa.

Nimeshaulizwa na vijana kadhaa wa hapa mjini, tangu kazi za bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Chongoleani zianze kuwaleta watu wenye vitabu hivi, kama wanaweza kupata ile Eksel yangu. Ninawapa. Ile safu haijafichwa tena, na nimeipaka njano. Nimeongeza ya tatu ya joto, na seli moja inayokataa kutoa jibu mpaka uandike jina la kanuni na mwaka wake. Kijana mmoja alilalamika kwamba inamchelewesha.

Binti amerudi chuoni. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe usiku, nikiwa ninakula muhogo na samaki pale Ngamiani. Aliandika: "Shikamoo Injinia. Kwa 316L jedwali lina mistari miwili, mmoja una namba kubwa kwenye joto, umefikia 90 kwa mia ya kulegea. Wewe ulikuwa unatumia upi miaka yote hiyo?"

Nilijua wa juu ni wa nini. Unaruhusiwa pale ambapo kupinda kidogo hakuharibu kitu, na kwenye flanji na uso wa gasketi haushauriwi, maana vikipinda vinavuja. Lakini kwamba Eksel yangu ilikuwa inachukua upi, hilo sikuwa na jibu. Nilimaliza muhogo, nikalipa, nikarudi karakana usiku ule kufungua kabati la bosi.